Maada tendaji au sumaku na leza: ukienda masters ya fizikia uchague ipi?

Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu wawili wasiojuana. Mmoja kamaliza digrii ya fizikia mwaka jana, yuko nyumbani anafundisha tuisheni, mwingine yuko mwaka wa mwisho, na wote kilio chao kimoja: "kaka kuna nafasi mbili za kuomba, moja ya maada tendaji, nyingine ya usumaku wa kuendeshwa na mwanga, niende wapi?" Nilimjibu wa kwanza kwa voice note ya dakika kumi na moja, wa pili alipouliza nikaona hapana, bora niandike tu. Mimi nimepita pote pawili, miaka miwili nimekaa kwenye maabara ya leza nchi za baridi na sasa hivi nashinda kwenye kompyuta naendesha vichembe, kwa hiyo nina upande wangu na sitauficha.

Kila mmoja na jiko lake

Maada tendaji kwa lugha ya mtaani ni mkusanyiko wa vitu ambavyo kila kimoja kinakula nishati chenyewe na kujisukuma chenyewe. Bakteria, seli, samaki, kundi la ndege, nzige, hata umati wa watu. Maji ya sufuriani yanachezacheza kwa sababu kuna moto chini, ukizima yanatulia, ila bakteria kwenye tone la maji kila mmoja kabeba jiko lake. Bakteria aitwaye E. coli ana urefu wa kama mikromita 2 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na anaogelea mikromita 20 hadi 30 kwa sekunde, yaani anapiga zaidi ya mara kumi ya urefu wake kila sekunde, na kwa udogo ule maji kwake ni mazito kuliko asali kwetu, akiacha kusukuma anasimama hapo hapo, hatelezi hata upana wa atomu moja. Sasa wakusanye hao maelfu kwa maelfu sehemu moja uone: vinatokea vimbunga vidogo, mikondo, msongamano, vitu ambavyo hakuna bakteria hata mmoja aliyevipanga.

Upande wa pili jiko ni moja tu na liko nje: leza. Unachukua kipande chembamba cha sumaku, unakipiga na mwanga wa muda mfupi mno, afu unaangalia spini zinafanya nini. Spini ichukulie kama visumaku vidogo vilivyobebwa na elektroni, kwenye chuma au nikeli vimejipanga upande mmoja ndo maana kitu kizima kinakuwa sumaku. Muda mfupi ninaousema ni femtosekunde, yaani sekunde iliyogawanywa mara milioni moja, afu kila kipande kikagawanywa tena mara bilioni moja. Mwanga unaokimbia kilomita laki tatu kwa sekunde, ndani ya femtosekunde 100 unakuwa umeenda mikromita 30 tu, haujamaliza hata upana wa unywele wa kawaida. Huo ndo muda wa kazi za watu wa huku.

Cha kuchekesha fani zote mbili kwa sura yake ya leo ni kama pacha. Mwaka 1995 Tamás Vicsek na wenzake walitoa modeli yao ya vichembe vinavyofuatana, na 1996 Beaurepaire, Merle, Daunois na Bigot kule Strasbourg, Ufaransa, wakaonyesha kwamba ukiipiga nikeli kwa leza ya femtosekunde 60, usumaku wake unaporomoka ndani ya muda usiofika pikosekunde moja (femtosekunde elfu moja). Zote zilitoka kwenye jarida lile lile, Physical Review Letters. Kwa hiyo akija mtu kukwambia moja ni fani ya zamani iliyochoka na nyingine ni mpya, mwambie akaangalie tarehe.

Siku ya kwanza kazini

Hapa ndo tofauti inauma, na wengi hawaiulizi kabla ya kusaini.

Modeli ya Vicsek unaiandika leo usiku. Chembe 300 kwenye kisanduku cha mraba, zote zina kasi moja, kila hatua kila chembe inaangalia majirani walio ndani ya umbali wa 1, inachukua wastani wa uelekeo wao, inaongeza kelele kidogo (yaani inakosea uelekeo kwa bahati nasibu), inasogea. Basi. Python mistari kama arobaini. Weka kisanduku cha 5 kwa 5 na kelele ya 0.1, utaona chembe zinaanza zimevurugika kama watu wametoka mpirani, baada ya muda kidogo zote zinaelekea upande mmoja bila kiongozi. Pandisha kelele taratibu, utaratibu unavunjika. Hiyo ni badiliko la hali kama barafu kuwa maji, umeliona kwenye laptopu yako umekaa kitandani.

Ila nikupe onyo moja la bure. Mimi toleo langu la kwanza chembe zilikuwa zinaenda vizuri tu, afu zikielekea kulia zinageuka ghafla kurudi nyuma, siku mbili nzima nakagua mipaka ya kisanduku, nakagua namba nasibu, nikaanza hata kuhisi nimegundua kitu. Kumbe nilikuwa nachukua wastani wa nyuzi moja kwa moja. Jirani mmoja yuko digrii 359, mwingine yuko digrii 1, wote wanaenda kulia karibu sawasawa, wastani wa hesabu ya shule ya msingi ni 180, yaani kushoto! Unatakiwa ujumlishe saini na kosaini zao kwanza, ndo utafute pembe. Siku mbili hizo. Lakini gharama yake ilikuwa umeme na chai tu.

Kwenye leza siku yako ya kwanza ni darasa la usalama. Vua saa, vua pete, maana mwale ukigonga kitu kinachong'aa unaruka mpaka kwenye jicho la mtu, na leza nyingi za kazi hii ziko kwenye nanomita 800 ambayo jicho halioni vizuri, unaona kadoa kekundu hafifu ukadhani ni kanyonge kumbe kanaweza kukutoboa retina. Baada ya hapo utakaa miezi unajifunza kupanga vioo. Mbinu kuu iko hivi: mwale unagawanywa mara mbili, wa kwanza una nguvu unaipiga sumaku, wa pili dhaifu unakuja nyuma kidogo kusoma kilichotokea, na kuchelewa kwake unakupanga kwa kusogeza kioo. Ukisogeza kioo mikromita 15, mwanga unaenda na kurudi, jumla 30, umepata femtosekunde 100. Saa yako ni kioo kwenye reli!

Usomaji wenyewe unategemea kitu alichokigundua John Kerr miaka ya 1870, kwamba mwanga ukiakisiwa na sumaku mtetemo wake unageuka kidogo. Kidogo hasa, mara nyingi ni sehemu za elfu za digrii. Mtu akifungua mlango wa maabara kihuni hewa ikabadilika joto, umepoteza asubuhi yako. Kiyoyozi kikiharibika ndo kabisa, nenda nyumbani. Ila kuna jambo moja sijalisahau hadi leo: kutafuta pale ambapo miale miwili inafika kwa wakati mmoja. Unaweka kakristali maalumu, unasogeza kioo taratibu, dakika zinaenda, hamna kitu, unarudi, unasogeza tena, mara katikati ya madoa mawili yasiyoonekana vizuri kinatokea kidoa cha samawati, hai kabisa, na ukisogeza kioo kwa unene wa unywele kinapotea. Nilipokiona mara ya kwanza ilikuwa saa tano usiku na nilipiga kelele peke yangu. Kwenye kompyuta sijawahi kupata kitu cha kulingana na hicho, nakiri.

Kwa hiyo kama wewe mikono yako inawasha, ndo yule ulikuwa unafungua redio za nyumbani, leza itakulipa. Kama hupendi kifaa cha dola laki kadhaa kiwe kati yako na swali lako, maada tendaji.

Maswali yenyewe, lipi lina nyama

Yote yana nyama, ila ladha tofauti.

Kwenye sumaku swali kongwe ni: usumaku unaenda wapi? Spini zina momenti ya mzunguko (angular momentum, kile kiasi cha mzunguko ambacho kitu kimebeba), na kitu hicho hakipotei hewani, lazima kikabidhiwe mtu. Sasa kama nikeli inapoteza usumaku ndani ya muda mfupi hivyo, nani kapokea? Watu wamebishana miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 2019 jaribio la chuma kwa kutumia eksirei za haraka lilionyesha sehemu kubwa inaenda kwenye atomu zenyewe, kipande kinajisokota kidogo, na 2022 kundi la Konstanz, Ujerumani, likaonyesha kwa nikeli kwamba atomu zinaanza kuzunguka vijiduara kwenye nafasi zao karibu papo hapo. Yaani mpokeaji alikuwa mule mule ndani ya nyumba.

Swali jingine ni kugeuza sumaku kwa mwanga peke yake bila uga wa sumaku. Mwaka 2007 kundi la Nijmegen, Uholanzi, liligeuza aloi ya gadolinia, chuma na kobalti kwa leza ya femtosekunde 40, mwanzoni ikaeleweka kwamba ni kwa sababu mtetemo wa mwanga ulikuwa wa kuzunguka kama skrubu, wa kulia unageuza huku wa kushoto unageuza kule. Imefika 2012, wakaonyesha hata joto peke yake linatosha! Kilichotokea ni kwamba ndani ya aloi ile chuma na gadolinia zinaelekea pande kinyume, ukipiga leza chuma kinayumba haraka, kinageuka ndani ya kama femtosekunde 300, gadolinia nzito inachukua kama pikosekunde moja na nusu, na hapo katikati kwa muda mfupi zote mbili zinatazama upande mmoja, kitu ambacho kwenye hali ya kawaida hazikitaki kabisa. Mimi hilo naliona kama watu wawili kwenye ndoa ya ugomvi wanaokubaliana kwa bahati mbaya.

Kwenye maada tendaji swali kubwa ni je, sheria za thamodinamiki tulizokariri zinabaki vipi wakati mfumo hautulii hata kidogo (hakuna equilibrium)? Na hapa kuna kitu kitamu ambacho kinazigusa fani zote mbili. Mermin na Wagner mwaka 1966 walithibitisha kwamba kwenye bapa la pande mbili, spini zilizo huru kugeuka upande wowote na zinazosikilizana na majirani wa karibu tu haziwezi kubaki zimepangana mpaka mbali, joto likiwa juu ya sifuri halisi mawimbi madogo madogo yanaharibu. Ziangalie sasa chembe za Vicsek: ni bapa la pande mbili, ziko huru kugeuka, zinasikiliza jirani tu, na zinapangana! John Toner na Yuhai Tu walieleza mwaka huo huo wa 1995: spini ya kwenye kristali imekaa na jirani wale wale maisha yote, ila chembe inayotembea inabadilisha majirani, inabeba habari kutoka huku kwenda kule, na hiyo inatosha kuushinda mvurugiko. Kwa hiyo kundi la ndege ni sumaku iliyoota miguu. Mtu aliyesoma sumaku vizuri akihamia maada tendaji hajapoteza kitu, mimi ni shahidi.

Na usidhani ni michezo ya kompyuta tu. Watafiti wa Roma walipiga picha makundi ya ndege kwa kamera kadhaa, 2008 wakatoa matokeo kwamba kila ndege anafuata wenzake kama sita au saba wa karibu haijalishi wako umbali gani, yaani anahesabu vichwa hapimi mita. Giorgio Parisi aliyekuwa kwenye kazi hiyo akaja kupata Nobeli 2021, ingawa ilikuwa kwa kazi zake za mifumo changamano kwa upana. Na nzige je? Mwaka 2006 nzige waliwekwa kwenye uwanja wa duara, wakiwa wachache wanazurura, wakizidi idadi fulani wote wanatembea upande mmoja, kila mtu akasema haya, Vicsek kapita. Afu ikaja 2020, nzige wa jangwani wakaivamia Kenya, uvamizi ulioelezwa kuwa mbaya kuliko yote kwa miaka 70, na watafiti kutoka Konstanz wakaenda kuwapima uwandani wakiwa kwenye maandamano yao. Matokeo yakatoka 2025: nzige hapangi uelekeo wake kwa kunakili wa jirani kama modeli inavyosema, ni kama anaamua kichwani kwake aelekee kitu gani anachokiona. Yaani modeli ya miaka 30 imepigwa swali na wadudu wa Samburu. Hapo mtu wa Afrika Mashariki unayejua lugha ya watu na njia za huko una kitu ambacho maprofesa wa kule hawana, na mimi nashangaa hatujajaa kwenye fani hii.

Zinapokutana

Sehemu hii ilinifanya nisitake tena kumwambia mtu "chagua moja, nyingine isahau". Mwaka 2021 Fruchart, Hanai, Littlewood na Vitelli walitoa kazi kuhusu mifumo ambayo kanuni ya tatu ya Newton kama haifuatwi: A anamfuata B, ila B anamkimbia A. Paka na panya. Kwenye maada tendaji hilo ni la kawaida, matokeo yake ni kufukuzana kusikoisha. Kwenye kitu yabisi kilichotulia haiwezekani, kwa sababu spini mbili zinagawana nishati moja, nikikuvuta umenivuta.

Ila 2025 Ryo Hanai na wenzake wawili huko Japani wakaja na hesabu inayosema ukipiga sumaku ya metali kwa mwanga uliochaguliwa rangi yake vizuri, baadhi ya elektroni zinapata njia ya kumwaga nishati na nyingine hazipati, na uhusiano wa spini unapinda: ya tabaka la kwanza inataka kulingana na ya tabaka la pili, ya pili inataka kumpa mgongo mwenzake. Matokeo usumaku wa matabaka mawili unazunguka na kufukuzana mfululizo, paka na panya ndani ya kipande cha metali. Ni kazi ya nadharia, ila umeona? Jiko la nje limezifanya spini ziwe kama zina majiko yao. Nadhani miaka michache ijayo watu watakaohitajika ni wale wanaoongea lugha zote mbili.

Na kuna mfano wa zamani kidogo ninaoupenda, hematiti, ile oksidi ya chuma yenye wekundu wa udongo. Kwa watu wa sumaku ni kipenzi maana visumaku vyake vinapingana karibu kabisa lakini si kabisa. Mwaka 2013 Jérémie Palacci na wenzake walichukua vijichemraba vya hematiti wakavifunga kwenye vipira vya plastiki vidogo mno, wakavitia kwenye maji yenye haidrojeni peroksaidi (ndo ile ile ya duka la dawa inayotoa povu kwenye kidonda) wakawasha taa ya samawati. Vikaanza kuogelea, vikakutana, vikajenga kristali zinazotembea na kuvunjika na kujijenga upya. Zima taa, kristali inasambaratika. Madini yale yale, mwanga vilevile, ni fani tofauti.

Haya, uende wapi

Kama unabaki Afrika Mashariki au unataka kurudi na uendelee na utafiti siku ya pili baada ya kushuka kwenye ndege, maada tendaji. Sizungushi. Laptopu, hadubini ya kawaida, kamera, bakteria au wadudu, umeanza. Hata kama utaanzia na nadharia tu, Kigali kuna EAIFR, taasisi ya utafiti wa kimsingi ya Afrika Mashariki, iliyo Chuo Kikuu cha Rwanda na inayoshirikiana na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, wana masters ya fizikia ya vitu yabisi, msingi huo unakubeba pande zote mbili. Ubaya wake ni kwamba kila mtu anaweza kuendesha simulesheni, kwa hiyo ushindani wa mawazo ni mkali, na ukiwa mvivu wa hesabu utaishia kutengeneza video nzuri zisizosema kitu. Nimeziona nyingi, mbili tatu ni zangu.

Kama umepata skolashipu ya nje yenye maabara kweli na unapenda mikono, nenda leza. Ujuzi wa kupanga leza unauzika, viwanda vya chipu, mashine za upasuaji wa macho, vifaa vya kupimia, huko kote wanatafuta watu. Msikubali tu ahadi kwamba kesho diski zote zitaandikwa kwa mwanga. Diski mpya zinazotumia leza zipo sokoni ni kweli, ila leza ile kazi yake ni kupasha joto kadoa kadogo ili sumaku ya kawaida iandike, sio kugeuza kwa mwanga peke yake. Ubaya mwingine ni kurudi: ukirudi bila leza wewe ni dereva wa treni kwenye mji usio na reli. Afrika Kusini kuna African Laser Centre inayosaidia watafiti wa bara hili kupata muda wa vifaa, waulize mapema usingoje umalize.

Yule wa tuisheni nimemwambia aandike modeli ya Vicsek kwanza wikiendi hii, akikasirika na kompyuta baada ya saa mbili basi jibu limepatikana. Huyu wa mwaka wa mwisho tayari nafasi yake ya leza ina jina la msimamizi, nikamwambia kabla hajakubali amtumie maswali haya haya bila aibu: leza ni ya kwenu au mnagawana, mwanafunzi anapata siku ngapi kwa wiki, mwaka jana ilikaa imeharibika muda gani, na ikiharibika wanafunzi wanafanya nini. Jana jioni kanirushia jibu. Wako watano kwenye leza moja, na zamu ya mwanafunzi mpya inaanza saa nne usiku.